HESABU YA KIWANDA ISIFANYWE NUSU



Karani akileta hesabu ya kiwanda, sharti tuitazame vizuri kabla ya kutia sahihi jambo lo lote. Tumekwisha kuambiwa kwamba kinu fulani cha sukari chatumia gharama nyingi mno, basi watu wapunguzwe. Ushahidi wenyewe ni tarakimu moja tu: mishahara kwa kila tani.

Natupige mfano. Vinu viwili, kila kimoja kina watu 400, na kila mtu hupata shilingi 1,200 kwa siku. Mishahara ya siku ni shilingi 480,000 huku na huku. Kinu cha kwanza chatoa tani 96, cha pili tani 60. Basi mishahara ya tani moja ni shilingi 5,000 kwa cha kwanza, na 8,000 kwa cha pili. Maneja akiishia hapo atasema watu wa kinu cha pili ni wavivu. Lakini mwulizeni habari za saa! Cha kwanza kilisaga saa 24. Cha pili kilisaga saa 15, na saa 9 kilisimama, kwa kungoja miwa na kwa ubovu wa boila. Vyote viwili vyatoa tani 4 kwa saa. Uvivu uko wapi? Lori lililokwama matopeni halikukwamishwa na mtu wa boila. Tena miwa iliyokatwa ikilala siku kadhaa hupoteza sukari, hata zikatakiwa tani nyingi zaidi za miwa kupata tani moja ya sukari.

Kosa jingine ni mwezi mmoja kufanywa ushahidi. Mwaka 1924 Bwana Walter Shewhart wa Marekani alichora chati ya kutenga kupanda na kushuka kwa kawaida na badiliko lenye sababu yake. Ni zamani sana, lakini wakubwa wengine bado hutuletea hesabu ya mwezi wa mvua peke yake!

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipe chama habari zote zipasazo kwa mapatano. Twataka saa za kusimama kwa miezi 24, na sababu zake. Wawakilishi wetu nao wasingoje: kila zamu iandike katika daftari saa mashine iliposimama na saa iliposhika tena. Daftari hizo ziletwe ofisini kabla hatujaonana na wenye kiwanda.