Rwambuzi: damu ya mgonjwa « ikikataa » damu ya ndugu, familia ielezwe

Wakaaji wa Rwambuzi, hapa Bunia, na wahamaji wa vita walioko Kigonze wanalijua neno hili: « Hakuna damu inayokubaliana na ya mgonjwa. » Mara nyingine ni friji tupu tu. Lakini kuna hali nyingine, ya nadra, ambayo inatisha zaidi: ndugu wanapimwa mmoja mmoja, grupu ni ileile, na bado kila damu inashikana vidonge-vidonge ikichanganywa na ya mgonjwa.

Familia isipoelezwa, mdomo wa mtaani unaeleza. Amerogwa. Ama, mbaya zaidi, damu ya kabila hili imekataa ya kabila lile. Katika Ituri, ambako watu wengi wamezikwa kwa sababu ya kabila, maneno hayo si ya kuchezea.

Ukweli ni huu. Mwili hutengeneza askari wa kupigana na magonjwa, wanaoitwa antikoo. Mara nyingine askari hao wanageukia chembe nyekundu za mwenyewe. Laboratwari ikichanganya maji ya damu ya mgonjwa na chembe zake mwenyewe, nazo zinashikana. Sasa hapo kabila gani litalaumiwa?

Kuna antikoo za baridi, ambazo huweza kuja baada ya homa fulani ya mapafu. Hizo mara nyingi zinatulizwa kwa kupasha vyote moto, digri 37, kabla ya kupima. Za joto ni ngumu zaidi: zinaweza kuharibu damu kabisa, na zinaweza kuficha antikoo nyingine ambazo mgonjwa alipata kwa mimba ama kwa damu aliyoongezewa zamani. Kwa hiyo mama asione haya kusema amezaa mara ngapi. Malaria nayo, ambayo watoto wetu wanaijua mno, inaweza kuacha antikoo juu ya chembe.

Kipimo kinachozionyesha, cha Coombs, kilitangazwa Uingereza mwaka 1945, miaka 15 kabla ya uhuru wa Kongo! Serkali inayopata pesa za magari ya wakubwa haina ruhusa ya kusema dawa ya kipimo hicho ni ghali.

Na wale wanaofunga faili kwa neno « haikubaliani » wanakosea vilevile. Mgonjwa akiwa karibu kufa kwa kukosa damu, antikoo zake mwenyewe peke yake si sababu ya kumwacha. Muganga anatafuta kwanza kama kuna antikoo nyingine, kadiri muda unavyoruhusu, kisha anatoa damu ya grupu yake polepole, mtu akikaa pembeni kumchunga.

Baadaye apewe karatasi, iandikwe antikoo gani zilionekana na tarehe gani. Mtu aliyekimbia Djugu leo anaweza kulazwa kesho Mahagi ama Beni, na kule hakuna anayemjua.