Maji Yarudipo Nyuma Bombani

Mkazi wa Shinyanga afunguapo koki leo hupata maji ya Ziwa Viktoria. Maji hayo huvutwa Ihelele, katika Wilaya ya Misungwi, husafishwa huko huko, husukumwa kwa pampu hadi kwenye tangi la kilima cha Mabale, kisha huteremka kwa uzito wake yenyewe kuja Shinyanga na Kahama. Kabla ya mradi huo kuzinduliwa mwaka 2009, mji wetu ulitegemea zaidi bwawa la Ning'hwa, na kila mwenye umri wa kukumbuka anajua kiangazi kilivyokuwa. Fedha nyingi za umma zimetumika kuyaleta maji haya na kuyasafisha. Nataka kuzungumzia kitu kidogo kinachoweza kuyachafua upya yakiwa yamekwisha kufika mlangoni: mpira wa plastiki ulioachwa huku ncha yake imezama ndani ya pipa.

Wengi wetu hudhani kwamba bomba ni njia ya kwenda tu. Sivyo. Maji hayajui yamekusudiwa kwenda wapi. Hufuata kanieneo, yaani msukumo, kutoka panapozidi kwenda panapopungua. Siku zote msukumo ni mkubwa ndani ya bomba kuliko nje, na ndiyo maana maji hutoka. Lakini bomba kuu likipasuka bondeni, au fundi akifunga valvu ili atengeneze, au gari la zimamoto likivuta maji mengi kwa ghafla, msukumo ndani ya bomba huweza kushuka hata ukawa chini ya ule wa angahewa. Hapo bomba huacha kutoa, likaanza kunyonya. Dereva aliyewahi kunyonya dizeli kwa mpira kutoka tangi moja hadi jingine amekwisha kuiona kanuni hii, na pengine ameionja. Katika mwinuko wa Shinyanga, ambao unazidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, angahewa ina nguvu ya kupandisha maji ndani ya bomba tupu kiasi cha mita 9 hivi. Ghorofa mbili si kizuizi, sembuse ukingo wa pipa.

Iko pia njia ya pili, ambayo si ya kunyonya bali ya kusukuma. Mwenye kisima chake na pampu yake akiunganisha mabomba yake na bomba la mamlaka pasipo kizuizi, siku pampu hiyo itakapozidi nguvu za bomba la mji, maji ya kisima yataingia kwa jirani zake wote.

Mambo haya si ya kubuni. Huko Chicago mwaka 1933, mwaka wa maonyesho makubwa ya kimataifa, mabomba yaliyounganishwa vibaya katika hoteli mbili yaliyachanganya maji ya kunywa na maji machafu; watu zaidi ya 1,000 waliugua kuhara damu kwa amiba, na kiasi cha 98 walikufa. Mwaka 1969 wachezaji wa chuo cha Holy Cross, mjini Worcester nchini Marekani, pamoja na walimu wao waliugua homa ya ini, jumla wakikaribia 90. Wachunguzi waligundua kwamba moto ulikuwa umezuka karibu na hapo, wazimamoto wakavuta maji mengi, msukumo ukashuka, na bomba la uwanjani likanyonya maji yaliyotuama katika mashimo ya koki za kumwagilia nyasi, mahali walipokuwa wakicheza watoto wenye ugonjwa huo. Wala tusidhani kwamba hayo ni ya zamani. Mwezi Novemba 2007, katika mji wa Nokia nchini Ufini, valvu iliyokuwa kati ya bomba la maji ya kunywa na bomba la maji yatokayo katika mtambo wa majitaka iliachwa wazi kwa siku mbili hivi. Maelfu ya wakazi waliugua, katika nchi yenye wahandisi na maabara tele.

Kwetu sisi kuna sababu mbili za kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Ya kwanza ni kwamba mabomba yetu hayajai nyakati zote. Pampu za Ihelele hutegemea umeme, na mgawo wa maji si jambo geni katika miji yetu. Mama afunguaye koki saa za mgawo akasikia mluzi wa hewa ikivutwa kuingia ndani, anasikia kwa sikio lake bomba likinyonya. Wakati huo huo kila ufa wa bomba lililopita mtaroni nao unanyonya, na unachonyonya ni maji ya mtaro.

Ya pili ni vile vilivyomo mapipani. Ukanda huu ni wa dhahabu, pamba na ng'ombe. Katika uchenjuaji, mchanga uliokwisha kupita mialoni, ambao wachimbaji huuita marudio, hulowekwa katika matangi yenye sianidi. Kimiminika hicho huweza kuwa na mamia ya miligramu za sianidi katika lita moja, hali kiasi kinachovumilika katika maji ya kunywa hakifiki hata miligramu moja. Wengi huogopa zebaki zaidi. Katika suala hili mimi ningeogopa sianidi, kwa sababu zebaki ni nzito na hutulia chini ya karai, lakini sianidi huyeyuka, haionekani, na hufuata maji popote yaendapo. Mkulima wa pamba ajazaye bomba la mgongoni huku mpira umezama katika dawa yumo katika hatari hiyo hiyo, na kadhalika mhudumu wa josho.

Wapo wasemao kwamba klorini itatukinga. Klorini inayobaki bombani ni sehemu ndogo tu ya miligramu katika lita, iliyokusudiwa kuua vijidudu vichache vilivyosalia. Haikuwekwa ili ipambane na uchafu wa choo ulioingia kwa wingi, seuze dawa ya kuogeshea mifugo.

Dawa ya tatizo hili yajulikana, na nyingine haina gharama yoyote. Mdomo wa bomba usiguse maji yaliyomo katika chombo. Uishie hewani, juu ya ukingo wa chombo, kwa pengo lisilopungua mara mbili ya kipenyo cha bomba wala sentimita 2.5. Bomba likinyonya, litanyonya hewa. Kuna valvu za njia moja, nazo zina kazi yake, hasa pale pampu binafsi inapokutana na bomba la mji. Lakini valvu ni springi na mpira, na punje moja ya mchanga yatosha kuizuia isifunge. Huhitaji kukaguliwa kila mwaka, na sote twajua vifaa vinavyohitaji kukaguliwa kila mwaka hukaguliwa mara ngapi. Pengo la hewa halichakai.

Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 yamtaka anayetumia sianidi asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Twalisajili gunia, lakini mpira unaoligusa tangi hatuuulizi. Maoni yangu ni kwamba mamlaka za maji za Shinyanga, Kahama na Geita zisiunganishe maji, wala zisirudishe maji yaliyokatwa, katika mtambo wowote wa kuchenjua, josho, maabara, chumba cha maiti au mahali pa kuoshea magari, mpaka fundi wao aone kwa macho kwamba bomba linaishia hewani juu ya tangi la mwenyewe, na kwamba shughuli zote zatumia maji ya tangi hilo. Ukaguzi huo wafaa ufanyike kando ya dira ya maji siku ile ile ya kuunganisha. Wakaguzi wa Tume ya Madini, wanaofika mitamboni kwa shughuli zao nyingine, nao wangeweza kuutazama mpira huo kwa dakika moja.

Majumbani sipendekezi adhabu. Yafaa mafundi bomba wafundishwe kwanza, kwa kuwa wao ndio huingia katika kila nyumba. Somo lenyewe ni la asubuhi moja: ndoo mbili, mpira, koki, na maji yaliyotiwa wino. Ndoo ya wino huwekwa juu ya meza, mpira ukizama ndani yake, na bomba lililojaa maji hufunguliwa chini; wanafunzi hutazama wino ukipanda, ukivuka ukingo wa ndoo, na kutokea katika koki ya jirani.