Leza za Kivita Katika Ghuba ya Aden
Silaha ya leza huchoma shabaha kwa mwali mwembamba wa mwanga. Tarehe 14 Desemba 2021, manowari ya Marekani, USS Portland, ilijaribu leza katika Ghuba ya Aden, mkono wa Bahari ya Hindi, bahari hiihii inayowalisha wavuvi wa Bamburi, pwani ya Kenya. Mwaka 2018, Marekani ilidai leza kutoka kambi ya China nchini Djibouti iliwajeruhi macho wanajeshi wake wawili waliokuwa ndani ya ndege, lakini China ilikana. Itifaki ya kimataifa ya 1995 inakataza silaha za leza zilizoundwa mahususi kupofusha watu daima. Leza za kuchomea droni hazimo katika katazo hilo, na hilo ni pengo la hatari. Kenya izitake Marekani na China ziwaarifu mabaharia kabla ya kila jaribio.