Shimo la Barabarani Lina Mwenyewe



Ndugu yangu, dada yangu wa Madogo, Mororo, Bangale na pande zote za Tana River. Leo tuongee kuhusu neno moja ambalo tunalitumia vibaya: kadari.

Kijana wa bodaboda anaingia shimoni usiku, mguu unavunjika. Watu wanakusanyika, wanachanga pesa za hospitali, wanamwombea dua. Halafu mmoja anasema, "Ni kadari ya Allah." Wote wanaitikia, na mambo yameisha. Shimo linabaki pale pale likimngoja mwingine.

Kadari tunaiamini, ni nguzo ya imani yetu. Lakini hebu jiulize: lori likimgonga mtu wetu, wazee si huketi? Si huzungumza diya? Qur'ani yenyewe, Suratun Nisaa aya ya 92, imeweka diya hata kwa aliyeua kwa makosa bila kukusudia. Yaani ajali imeandikwa, na bado mwenye kosa analipa. Mambo haya mawili hayagombani. Sasa kwa nini mwenye lori tunamdai na mwenye barabara tunamsamehe kabla hata hajaombwa?

Manake barabara ina mwenyewe. Lami kubwa ya Thika–Garissa, na ile inayoshuka Hola hadi Garsen, ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ilianzishwa na Sheria ya Barabara ya 2007, pamoja na KeRRA ya barabara za mashambani na KURA ya barabara za miji. Barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara zake, taa za barabarani, na hata feri. Kila kipande unachokanyaga kina ofisi inayopewa bajeti ya kukitunza. Ofisi hiyo ikizembea na wewe ukaumia, una haki ya kudai fidia. Hiyo si sadaka, na huendi kumpigia mtu magoti.

Sasa nikukumbushe jambo linalouma. Tarehe 28 Aprili 2024, mafuriko yakiwa yamekata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu walikuwa wanavuka kwa mashua. Moja ilizama pale Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wengine tuliwazika, Allah awarehemu na awape daraja ya shahidi.

Ilikuwa mvua, ndio. Lakini Mto Tana kufurika ni habari ya leo? Wazee wanakumbuka 1961. Mama zetu wanakumbuka El Niño ya 1997. Wewe mwenyewe unakumbuka 2018. Na barabara ile ile ilikatika Novemba 2023, miezi mitano tu kabla ya mashua kuzama. Jambo linalorudi hivyo, mahakama ina haki ya kuuliza: mlijua, je, mlifanya nini? Jibu linaweza kuwa zuri au baya, mimi si hakimu. Lakini swali halijiulizi lenyewe. Linaulizwa na mdai.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Ukigongwa na gari la mtu binafsi, una miaka 3 ya kwenda kortini. Ukiumizwa na uzembe wa serikali, una miezi 12 tu. Mamlaka za barabara zina sharti lingine, kifungu cha 67 cha ile sheria ya 2007: lazima kwanza umwandikie Mkurugenzi Mkuu notisi ya kueleza dai lako, usubiri mwezi mmoja, ndipo ufungue kesi. Sasa hesabu. Ukikaa miezi miwili ya kufiwa, mitano ya kuuguza, na minne ya "tutaona", mwaka umekwisha. Kwa waliozama Kona Punda, mwaka huo ulitimia Aprili 2025. Ndio maana nakuandikia wewe, kijana mwenye simu na anayejua kusoma, kwa sababu mama aliye kwenye eda hawezi kukimbizana na tarehe.

Kwa hivyo, Allah apishe mbali, ikitokea:

Kwanza, matibabu. Weka kila karatasi ya hospitali na kila risiti. Ujumbe wa M-Pesa uliolipia dawa au gari la kumpeleka mgonjwa usiufute.

Pili, picha siku hiyo hiyo. Piga shimo kwa karibu, weka chupa au kiatu kando ili ukubwa uonekane. Halafu piga kwa mbali, ionekane ni wapi na kwamba hapakuwa na alama ya onyo. Kesho yake wanaweza kuja kumwaga changarawe, ushahidi ukaenda.

Tatu, polisi. Najua kuingia kituoni si raha kwa kijana wa huku. Nenda na mzee ama imamu. Toka na namba ya OB, abstrakti ya polisi, na fomu ya P3 ijazwe na daktari.

Nne, mashahidi wawili watatu, majina na namba za simu, kabla hawajahama na mifugo.

Tano, barua. Ya KeNHA iende kwa Mkurugenzi Mkuu. Ya kaunti iende kwa Katibu wa Kaunti kule Hola. Eleza siku, mahali, kilichotokea, na hasara kwa shilingi. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua bila muhuri ni hadithi tu.

Sita, kama hasara yako haizidi shilingi milioni 1, iulizie Mahakama ya Madai Madogo kwa karani wa korti yoyote. Jina lisikudanganye, pesa hizo si ndogo. Unaweza kujisimamia bila wakili. Kwa kesi kubwa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya kusaidia wasio na uwezo. Ulizia.

Lakini usitarajie mteremko. Ni lazima uthibitishe kwamba walijua, au walipaswa kujua, kuhusu shimo hilo na hawakufanya kitu. Kama ulibeba abiria watatu bila helmeti, fidia itapunguzwa. Na ukishinda, serikali hailipi haraka, huwezi hata kupiga mnada mali yake. Pia usithubutu kuongeza chumvi. Jeraha la uongo na risiti ya kughushi ni haramu, na zitamharibia jina mdai wa kweli anayekuja nyuma yako.

Kuna anayesema: pesa za fidia si ni zetu, si zitatoka kwenye dawa za zahanati? Ni swali la haki. Lakini hivi sasa gharama ya shimo inalipwa na nani? Inalipwa na familia ya aliyevunjika mguu, mbuzi mmoja baada ya mwingine sokoni. Gharama hiyo haionekani kwenye kitabu chochote cha serikali, ndiyo maana hakuna anayeharakisha kuziba. Siku itakapoandikwa kwenye hesabu zao, watagundua kwamba kokoto na lami ni rahisi kuliko kesi.

Na sasa la maana kuliko yote, ambalo halihitaji mtu aumie. Nimesema lazima uthibitishe walijua. Basi wajulishe leo! Nyinyi vijana watano wa mtaa mmoja, pigeni picha lile shimo mnalolijua, ule mtaro ulio wazi karibu na madrasa, ile kingo ya lami iliyoliwa na maji. Andikeni barua, ipelekeni, igongwe muhuri. Ongezeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: nani ana kandarasi ya kukarabati hapa, na mara ya mwisho palikaguliwa lini? Wana siku 21 za kujibu. Wakiziba, alhamdulillah. Wasipoziba na mtu akaumia, hawawezi tena kusema hawakujua.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni tawi la imani. Na imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alihofia kuulizwa na Allah kuhusu mnyama atakayejikwaa kule Iraq kwa sababu njia haikusawazishwa. Huyo ni kiongozi aliyemwogopea mnyama. Sisi tunaomba waogopee watu.

Jiwe unaweza kuliondoa kwa mkono. Shimo la lami linaondolewa kwa barua yenye muhuri. Andika yako wiki hii, na msomee ujumbe huu jirani asiyeweza kusoma.

Wabillahi tawfiq.