Usaili wa Wahadhiri: Tunatafuta Mwalimu au Tunatafuta Karatasi?

Liko swali moja ambalo limegeuka kuwa kufuli katika milango ya vyuo vyetu. Mwombaji wa kazi ya uhadhiri wa Kiswahili huingia katika chumba cha usaili, hukaribishwa kiti, na kabla hajatulia huulizwa: "Umefundisha miaka mingapi, na katika shule gani?" Akijibu kuwa hajapata kuajiriwa ualimu, mazungumzo yanayosalia huwa ni ya adabu tu. Binti mmoja jirani yangu hapa Mengo, mwenye shahada nzuri ya lugha, amerudishwa hivyo mara mbili. Hakuulizwa hata sentensi moja ya sarufi, wala hakupewa chaki.

Nasema bila kificho kwamba desturi hii ni mbovu, na kwamba katika Uganda ni mbovu maradufu.

Hebu tujiulize: huo uzoefu unaodaiwa angeupata wapi? Kiswahili kilifika Buganda pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katikati ya karne ya 19, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alikifahamu. Lakini kila kilipokaribia mlango wa shule kilikuta vizuizi. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kitumike katika elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga, kwa kuihofia hatima ya Luganda na heshima ya Buganda. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, nasi hatuna haja ya kuidhihaki. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini amri ya kijeshi haizai walimu. Iliwaachia wengi dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Kwa hiyo kwa miongo mingi madarasa ya Kiswahili yalikuwa machache mno, na leo tunawadai vijana hesabu ya miaka waliyofundisha katika madarasa ambayo hayakuwapo! Huku ni kumnyima mtu jembe, kisha kumlaumu kwa kukosa shamba.

Wapinzani wetu watasema: "Mhadhiri wa chuo hufundisha walimu. Asiyewahi kusimama mbele ya wanafunzi atamwelekezaje mwenzake namna ya kusimama?" Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini haithibitishi kuwa miaka ya ajira ndiyo kipimo. Sote tunawajua waliofundisha miaka 20 ambao kwa kweli wamefundisha mwaka mmoja na kuurudia mara 20. Kama tunataka kujua kuwa mtu anafundisha, dawa ni moja: mpeni somo afundishe.

Tena tusisahau kwamba neno lenyewe chuo tumelirithi kutoka kwa wale waliosoma Kurani mbele ya mwalimu asiye na cheti cha serikali. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa mrima karibu na Bagamoyo, alitoka katika elimu ya namna hiyo, akawa mfundishaji wa Kiswahili mjini Berlin kuanzia mwaka 1900 hadi 1905. Maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa mwaka 1903 yangali yanasomwa na wataalamu. Jopo la leo lingemuuliza shule aliyoajiriwa, kisha lingemwonyesha mlango.

Lakini sikukusudia kuwabembeleza waombaji. Wapo vijana wadhanio kuwa kukisema Kiswahili ndiko kukifundisha. La hasha! Wengine hukesha wakikariri majibu ya kupendeza, wakaazima koti, wakaenda mikono mitupu. Asiye na miaka ya kazi ana wajibu wa kujiandaa zaidi ya mwenye nayo. Ausome muhtasari wa somo wa shule ambazo wanachuo wake watakwenda kufundisha. Aombe kuketi nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu na kuandika anayoyaona. Na kama amefundisha madrasa, kanisani, au kisomo cha watu wazima, aseme hivyo bila kuona haya, aeleze aliowafundisha walianzia wapi na wakafika wapi.

Zaidi ya yote, amjue mwanafunzi wake. Katika Luganda herufi r huandikwa baada ya e na i, na l mahali pengine. Ndiyo maana mwanafunzi wa Mengo husema "habali" na "balua", na akitaka kupiga kura husikika akipiga kula. Huyo si mzembe. Anafuata kanuni ya lugha ya mama yake. Vivyo hivyo atasema "mbwa imekuja", kwa sababu katika Luganda mbwa hapatanishwi kama mtu. Na kinyume chake, anayejua omuntu na abantu, ekitabo na ebitabo, amekwisha kuvuka nusu ya mto wa ngeli kabla hajafika darasani. Mwombaji awezaye kulieleza jopo jambo hili, kisha akaandaa somo la dakika 20 la kulitibu, ameonyesha ualimu kuliko barua kumi za waajiri.

Basi nayataka mambo matatu. Kwanza, kila usaili wa mhadhiri wa Kiswahili uwe na somo la majaribio, mbele ya wanafunzi halisi. Pili, ateuliwaye bila uzoefu afanye mwaka wake wa kwanza chini ya uangalizi wa mhadhiri mkongwe, naye aelekezwe, asitishwe. Tatu, sisi wanachama tufungue milango ya madarasa yetu, ili vijana wapate mahali pa kujifunzia kazi. Tukikataa hili la tatu, hatuna haki ya kuwalaumu kwa yale mawili ya kwanza.

Serikali imeagiza Kiswahili kifundishwe. Watoto wanaingia madarasani kila asubuhi, na mara nyingi mwalimu hayupo. Mwalimu huyo hana budi kutoka chuoni, na chuo hakina budi kupata wahadhiri. Kufuli tumelitia sisi wenyewe, na ufunguo tunao. Anayesema tungoje wazoefu watokee atuambie watatoka wapi, ikiwa hakuna aliyeruhusiwa kuanza.