Nani Atausoma Mkataba kwa Niaba Yetu?



Ndugu msomaji, juma hili naanza kwa kukiri kosa langu. Mwaka jana kamati ya msikiti wetu iliingia mkataba na kampuni moja ya umeme wa jua, ili pampu ya maji ya udhu isisimame kila umeme unapokatika. Mkataba ulikuwa na kurasa tisa. Nilisoma ukurasa wa bei na ukurasa wa sahihi, nikatia sahihi kwa niaba ya waumini. Mwezi wa nne betri zikafa. Tuliposimamisha malipo, tulioneshwa kifungu kisemacho kwamba malipo ya kila mwezi ni ya kuwepo kwa mitambo katika jengo, si ya umeme unaozalishwa. Sadaka za Ijumaa zikawa zinalipia paneli zisizowasha hata taa moja.

Aliyetueleza maana ya kifungu hicho ni binti wa mmoja wa wazee wa safu ya mbele. Amehitimu shahada ya kwanza ya sheria, na sasa anataka kusomea shahada ya uzamili katika sheria na sera za nishati. Alikaa na kurasa zetu usiku mmoja, kisha akatuambia kuwa kifungu cha namna hiyo hakikubuniwa kwa ajili ya msikiti. Kimo katika mikataba mikubwa ya kuuziana umeme, ambamo mnunuzi hulipia uwezo wa mtambo, uwake usiwake. Akatukumbusha mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, wa megawati 100 kwa miaka 20, ambao ulifikishwa mbele ya usuluhishi wa kimataifa mwaka 1998. Kumbe kilichotupata sisi kwa kipimo cha kibaba kiliwahi kulifikia taifa kwa kipimo cha pishi.

Baba yake alikuwa amekwisha kunijia kabla ya hapo. "Katibu," aliniuliza baada ya sala ya Isha, "hii sheria ya nishati ndiyo nini? Mwanangu atakwenda kuutetea umeme mahakamani?" Tukacheka. Nami, bila kutafakari, nikamjibu: "Mzee wangu, mtafutie nafasi ya ualimu, na fedha uliyonayo malizia nyumba." Jibu hilo limenisuta tangu siku ile, na makala hii ni njia yangu ya kulirekebisha.

Sisi tuliosoma vyuoni tunajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haihusu sala wala saumu, bali uandishi wa deni. Inaelekeza kuwa mdaiwa asiyeweza kuyatamka mwenyewe yanayoandikwa, basi msimamizi wake ayatamke kwa uadilifu. Nimeisomesha aya hiyo mara nyingi bila kujiuliza: umma usioielewa lugha ya mkataba wa gesi, msimamizi wake ni nani?

Tena imo katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi habari ya Abyadh bin Hammal, aliyemwomba Mtume (s.a.w.) ampatie chumvi ya Ma'rib, nchini Yemen. Mtume akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwepo barazani akaeleza kuwa kilichotolewa ni mithili ya maji yasiyokatika. Basi Mtume akakirejesha. Wanazuoni wakajenga juu ya habari hiyo hukumu kwamba madini yaliyo dhahiri, ambayo watu wote wanayahitaji, hayamilikishwi mtu mmoja. Lakini zingatia, ndugu msomaji, namna haki ile ilivyorejea: palikuwa na mtu barazani aliyejua thamani ya kilichotolewa, naye akasema.

Elimu kama hiyo isipofika mezani, hukumu hutolewa kwa mizani ya wengine. Mwaka 1939 mtawala wa Abu Dhabi aliipa kampuni moja haki ya kutafuta mafuta kwa miaka 75. Baadaye ukazuka mgogoro: je, haki hiyo ilihusu pia ardhi iliyo chini ya bahari? Mwaka 1951 msuluhishi, jaji wa Kiingereza Lord Asquith, alikubali kuwa kwa kawaida sheria ya nchi ile ndiyo ingefaa kutumika, kisha akaiweka kando kwa kudai kwamba katika eneo lile hapakuwa na kanuni zinazoweza kutafsiri mikataba ya kisasa. Mtawala hakupoteza yote, kwani eneo lililo nje ya maji ya mipaka yake halikuhesabiwa kuwa la kampuni. Hata hivyo, bahari ya fiqhi ya mikataba, yenye karne nyingi za uandishi, ilipitwa kana kwamba haipo.

Kulalamika ni rahisi. Walioleta mabadiliko ni waliokwenda kusoma. Ahmed Zaki Yamani alizaliwa Makka mwaka 1930, mtoto wa mwanachuoni wa sheria ya Kiislamu. Alisomea sheria Cairo, kisha New York na Harvard. Mwaka 1962 akawa waziri wa mafuta wa Saudi Arabia, na mwaka 1972 aliongoza mazungumzo yaliyozipa nchi za Ghuba njia ya kumiliki asilimia 25 ya shughuli za makampuni ya mafuta, na kuendelea kupanda hadi asilimia 51. Kufikia mwaka 1980 Saudi Arabia ilikuwa imeinunua Aramco yote. Haikuinyang'anya, iliinunua kwa kalamu na hesabu.

Turejee nyumbani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa yake imo katika ardhi yetu. Tunayo Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, na Zanzibar inayo yake ya mwaka 2016. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya kupitia upya masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Sheria zipo, ila sheria haijisomi yenyewe. Inamhitaji yule mtu wa barazani.

Mafunzo haya ndiyo yanayomwandaa. Mwanafunzi hujifunza jinsi mkataba wa kugawana uzalishaji unavyomruhusu mwekezaji kurejesha gharama zake kabla ya faida kugawanywa, na jinsi ya kuzikagua gharama hizo. Hujifunza vifungu vinavyoizuia serikali kubadili kodi, taratibu za usuluhishi, fidia ya ardhi, na upangaji wa bei ya umeme. Kituo cha Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, kimekuwa kikifundisha elimu hii tangu mwaka 1977. Asiyeweza kufika huko aanze na kozi fupi, au ahudhurie mikutano ya taftishi ambayo EWURA huiitisha kabla ya kubadili bei. Wangapi kati yetu tumewahi kuingia humo?

Najua hofu za mzazi: ada, umbali, na umri wa ndoa. Ni hofu za haki, wala sizidharau. Lakini elimu ambayo umma unaihitaji, na wachache tu wanayo, ni fardhi kifaya. Isipopatikana kwa yeyote, dhima hubaki juu yetu sote. Ndoa ya mtu mwema haipingani nayo, na ada hubebeka ikibebwa na wengi.

Mzee wangu nimemwendea nyumbani, nikamtaka radhi na kulifuta jibu langu la mwanzo. Hakuniahidi kitu. Aliniuliza tu fomu za maombi hufungwa lini, nasi tukamwita binti atueleze. Kuhusu paneli, barua aliyotuandalia imeifanya kampuni ikubali kukaa nasi mezani. Na kamati imeazimia kuwa katibu hatatia tena sahihi mkataba wowote kabla haujasomwa na mwenye kuujua. Azimio hilo nililiandika mimi mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.