Mtoto wa mbwa anahitaji ratiba, si fimbo

Ndugu mfugaji, ukiamka ukakuta mtoto wa mbwa amejisaidia mlangoni, usimpige. Mwenye miezi 2 hawezi kubana mkojo usiku kucha. Huvumilia kwa muda wa saa 3 hivi. Fimbo humfundisha kujificha tu: uvunguni, nyuma ya magunia dukani, au kwenye mchanga wanapocheza watoto.

Kwa maoni yangu, huu ni wajibu wa mwenye mbwa. Mlishe mapema jioni. Mpeleke mahali palepale kabla hujalala, usiku wa manane na alfajiri. Akijisaidia hapo, msifu. Alale kwenye kibanda kikavu, mbali na jiko na stoo.

Kinyesi kizoe kila asubuhi, ukifukie mbali na kisima na bustani ya mboga. Mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji wiki 2 au zaidi ardhini kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo anayezoa kila siku huyawahi. Ukiyaacha, mwanao atayameza kwa vidole vichafu, na minyoo hiyo yaweza kufika hadi machoni. Dawa ya minyoo muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

Kukatisha usingizi kwa wiki chache ni nafuu kuliko nauli ya hospitali.